Kibao cha Onorina

Onorina Bressan Tomazelli, mjukuu wa Pierina aliyevuka bahari na mbegu za ngano ndani ya soksi, binti wa Atílio aliyeng'oa visiki vya misonobari kwa ng'ombe wawili, ndiye aliyetoa unga wa mikate ya sikukuu ya Santa Luzia kila mwaka tangu alipoolewa. Ndiye huyohuyo aliyeulea ukungu, ule ugonjwa wa majani ya ngano, mpaka ukaizoea dawa ya kuuua. Sifa hiyo ya mwisho amejiongezea mwenyewe, na hataki mtu amwondolee.

Mwanzoni dawa ile ilifanya maajabu. Majani yalibaki kijani mpaka masuke yanakomaa, na mgeni wa Jumapili hakupewa mate, ile chai chungu ya majani, kabla hajapitishwa shambani, apende asipende. Basi Onorina akaing'ang'ania. Kila mwaka ngano juu ya mabua ya ngano, kila mwaka dawa ileile, tena akiipunguza kidogo, maana alijiona mjanja kuliko maandishi ya kwenye dumu. Aliua ukungu mnyonge, akawaachia wababe shamba lote wazaane.

"Shemeji, dawa hiyo imechoka," Valdomiro, ndugu wa marehemu mumewe, alimwambia. "Badilisha. Au panda kitu kingine, ngano ipumzike."

"Aliyechoka ni wewe, Valdo. Tangu siku ya harusi yako."

Ili kumfunga mdomo, akaacha ukanda mmoja kando ya barabara bila dawa, akasimamisha kibao chenye herufi kubwa: HAPA HAPAJAPIGWA DAWA. Kisha akaalika kanisa zima waje baada ya misa waone tofauti.

Walikuja wote, hata wasiosalimiana. Wakatazama kushoto. Wakatazama kulia. Madoa ya kahawia yalikuwa yametapakaa pande zote mbili, majani yamekauka kama tumbaku.

"Dona Onorina," akauliza jirani mmoja kwa adabu, "kibao kinasema upande upi?"

Onorina akafungua mdomo ajibu, akagundua hata yeye hajui. Ivanete, mke wa mwanawe, akageuka kukohoa. Kikohozi hicho hakikuwa na ugonjwa wowote.

"Cheka tu, mwanangu," alisema Onorina. "Nimewaita watu kwenye mazishi nikidhani ni harusi."

Ngano ilivunwa punje zimesinyaa, kinu cha kusaga kikaikataa, ikaliwa na nguruwe. Mwaka huo unga wa Santa Luzia ukatoka kwa Valdomiro. Onorina aliukanda mwenyewe, lakini mezani akashindwa kujizuia.

"Mkate wako mgumu, Valdo."

"Unga ndio wangu, shemeji. Mikono ni yako."

Meza nzima ikacheka, na yeye akacheka mpaka akashika ubavu.

Kesho yake akang'oa kibao, akampelekea Ivanete jikoni pamoja na ufunguo wa ghala la dawa.

"Kuanzia sasa shamba unapanga wewe. Dawa ubadilishe, kipimo usiibe, na ngano isifuate ngano. Lakini kila mwaka uache ukanda bila dawa, usimamishe kibao hiki."

"Cha nini tena, mama? Si aibu imetosha?"

"Siku nitakapokuja kukuambia dawa fulani ni nzuri kwa sababu mimi nimesema, nishike mkono, unipeleke pale kwanza. Na unga wa Santa Luzia urudi nyumbani kwetu."