Filamu ya Jasusi Niliyoitafsiri Vibaya

Juzi jioni binti yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi akinisomea habari za kwenye simu yake, kama kawaida yake ninapochambua mboga. Akaniambia kuna filamu mpya ya jasusi ambayo huko ilikotengenezwa imeanguka vibaya, lakini katika nchi za nje inajaza kumbi. "Sasa mum, hao wa nje wanaona nini wenyewe hawaoni?" akauliza. Nilicheka, nikamwambia hao wa nje ni sisi. Halafu nikarudia mboga zangu, maana nilikumbuka siku filamu ya jasusi ilipofika kwetu Ekalakala, jinsi ilivyopokelewa, na nani aliyeumia.

Binti yangu sijamsimulia. Wewe nitakusimulia, rafiki yangu, kwa kuwa umenivumilia kwa mengi.

Nililelewa na nyanya. Ukitaka kuijua nyumba yake, funga macho usikie mchi ukitwanga mahindi ya muthokoi kabla jua halijawa kali, kisha unuse mbaazi zikichemka polepole juu ya mafiga. Kazi yangu ilikuwa kupepeta makapi na kufukuza kuku, na kuku wa nyanya walikuwa na kichwa kigumu kama mwenyewe. Alasiri, kazi zikipungua, jirani yetu alivuka ua wa mkonge akiwa na katani yake kwapani, nao wawili wakakaa barazani kusuka vyondo hadi jua lilipolegea.

Jirani huyo alikuwa mjane aliyehamia kutoka upande wa Murang'a, akanunua shamba lililopakana na letu na kufungua kiduka cha mafuta ya taa, sabuni na chumvi. Kikamba chake kilikuwa cha kuchekesha, na nyanya hakujizuia kumcheka. Naye alimcheka nyanya kwa chai yake nyeusi. Walisengenya soko zima bila kubagua. Sijawahi kuona watu wawili wazima wakifurahiana hivyo bila sababu yoyote.

Wote wawili walikuwa katika mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu. Wiki hii wote wako kwako wakichimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, wiki ijayo wako kwangu, nyimbo tangu asubuhi. Mwenye zamu hupika. Ukitolewa katika mwethya ni kama umetolewa kijijini. Nyanya ndiye aliyekuwa kiongozi, yeye ndiye aliyetangaza zamu, na neno lake halikurudiwa.

Akina mama hao ndio waliojenga ukuta wa mawe mtoni ili mchanga ujae na maji yabaki chini yake wakati wa kiangazi. Mchanga ule ulikuwa marufuku kuguswa. Lakini malori ya mchanga yalikuja, na waliopakia walikuwa vijana wao wenyewe, mmoja wao mjomba wangu, kitinda mimba wa nyanya. Kila mtu alijua, na kila mtu aliangalia kando.

Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu alitupa insha, "Mto Wetu", nami nilijua kuandika, nikajiachilia. Nikaandika kwamba kila Jumanne lori huingia kwa njia ya ng'ombe, na kwamba hakuna mtu anayerusha koleo kama mjomba wangu. Nilipata alama za juu kuliko wote. Jumanne iliyofuata polisi walikuwa wamejificha mateteni karibu na njia ya ng'ombe. Mjomba na wenzake wawili walipelekwa Machakos, wakafungwa miezi sita. Mpaka leo sijui kama ni mwalimu aliyesema au kama daftari lilisomwa na mwingine. Najua tu kwamba siku na mahali vilikuwa vilevile nilivyoandika.

Nyanya hakulia. Alikuwa akisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," huku akiangalia barabara. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, nikipepeta.

Mwezi mmoja baadaye akina mama wa mwethya walimaliza kuchimba msingi wa darasa jipya shuleni. Mwalimu alitaka kuwashukuru. Akaazima televisheni, kaseti moja na jenereta, akafunika madirisha ya darasa letu kwa blanketi, akawakalisha akina mama kwenye madawati Jumamosi saa nane mchana. Filamu ilikuwa ya jasusi, akasema inapendwa dunia nzima. Watoto wengine walifukuzwa. Mimi niliachwa ndani kwa sababu Kiingereza changu kilisifiwa, nitafsiri, naye mwalimu akabaki nje akipigana na jenereta iliyokuwa ikizimika kila mara.

Laiti waliotengeneza filamu ile wangekuwa pale! Yule jasusi aliruka kutoka ghorofa moja hadi nyingine, hakuna aliyeshtuka. Lakini alipoacha chai na mkate mezani akatoka mbio, darasa zima lilinung'unika. "Aiya! Na hiyo chakula anaachia nani?" Alipoingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, wakamtukana. Mama mmoja akauliza kama huyu kijana hana mama, na kama yuko naye, nani anamlimia. "Suti nyeupe, na hajashika jembe hata siku moja," nyanya akasema, wakacheka hadi wakapangusa macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mjomba afungwe. Nami nilitafsiri kwa mbwembwe, nisipoelewa nikatunga, na nilikuwa na raha kubwa.

Karibu na mwisho, jasusi akakamatwa mafichoni. Hapo kicheko kilikatika. Wanaume waliomzunguka walikuwa maadui kwenye filamu, lakini buti zao zilikuwa buti za polisi, na kila mama mle ndani aliona mtoto wake. Nyanya akaegemea mbele. "Nani alimsema?" akaniuliza.

Mkubwa wa maadui alikuwa akieleza, tena polepole, kwa Kiingereza chepesi hata mimi nilikielewa chote. Hakuna aliyemsaliti. Mpwa wa jasusi, msichana wa shule, alikuwa amemwandikia rafiki yake barua akijisifia mjomba wake na kutaja mahali alipo.

Niliona kama kila mtu ameshasikia. "Wewe, nani alimsema?" nyanya akarudia. Mapema kwenye filamu kulikuwa na mwanamke mwenye duka aliyechungulia dirishani jasusi akipita, basi. Nikasema, "Ni jirani. Yule wa duka. Alihamia hapo kutoka mbali, alikuwa akiangalia watu na kupeleka habari."

Niliona vitambaa vya kichwa vikigeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea dawati la nyuma alipokaa jirani yetu. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Nilidhani ana hasira.

Usiniulize watu wazima wanawezaje kuamini filamu. Hawakuamini filamu, walikuwa wakitafuta jina kwa mwezi mzima, nami niliwapa. Jumatatu hakuna aliyenunua chumvi kwake. Alipovuka ua na katani yake, nyanya aliingia ndani akafunga mlango, akaniambia, "Mwambie nimelala." Nikaenda, nikamwambia amelala.

Zamu ya jirani katika mwethya ilikuwa imetangazwa zamani, haikufutwa. Asubuhi ya siku hiyo alipika muthokoi wa watu thelathini, sufuria mbili kubwa. Hakuna aliyekwenda. Nilipopita na mtungi wangu kwenda mtoni saa sita, nilimkuta peke yake mtaroni na jembe, sketi imefungwa juu ya magoti, sufuria zimefunikwa kwa majani ya ndizi. Akaniita msichana kwa lugha ya kwao. "Kuja ukule, kairitu. Chakula iko mingi na hakuna wa kukula." Nilikaa chini nikala. Aliniongeza, nikala tena. Muthokoi ulikuwa mtamu, nikaumaliza.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mimi nilikuwa mjukuu wa nyanya na majuto yake pia, ila yeye hakujua. Mara nyingi nilijiambia nitamwambia. Nitamwambia mjomba akitoka. Mjomba akatoka amekonda, akaenda Nairobi kutafuta kazi. Nitamwambia nikimaliza mtihani. Nikamaliza. Nikaenda sekondari, nikarudi likizo baada ya likizo, na kila mara nilimkuta nyanya amezeeka zaidi na ana maneno machache zaidi. Alipofariki nilikuwa nimeajiriwa. Jirani alikuja mazishini, akasimama langoni, hakuingia.

Baada ya ile habari ya simu sikulala vizuri. Jumamosi nikaenda Ekalakala peke yangu. Jirani bado yu hai, mzee sasa, macho yake yana ukungu, lakini alinitambua kwa sauti. Alinipa chai ya maziwa mengi. Sikungoja ipoe, nilimwambia yote bila kupumua: insha, polisi, filamu, uongo wangu.

"Hiyo mimi najua," akasema.

Nikamuuliza anajuaje.

"Kabla niolewe nilifanya kazi ya nyumba kwa Wazungu huko Thika, miaka sita. Kizungu yote ya hiyo sinema nilisikia. Alisema ni mtoto aliandika barua. Wewe ukasema ni mama wa duka. Nikakuangalia vile unatetemeka, nikajua ni wewe uliandika kitu."

"Na mbona hukusema, shosho?"

"Ningesema wangekuchapa. Na susu yako angeshindwa kuangalia watu, mjukuu wake ndiye alifunga kijana yake. Ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, naweza kulima peke yangu." Akasogeza kikombe chake. "Mimi nilikusamehea kwa hiyo shamba, siku ulikula. Lakini susu yako nilimkosa sana. Hiyo ndiyo iliniuma, si ile mitaro."

Nililia mbele yake kama mtoto. Hakunikataza.

Siku hizi mwethya hakuna. Ukitaka mtaro unaita mashine. Malori ya mchanga huingia mchana kweupe na hakuna anayejificha mateteni, na ule ukuta wa mawe umebomolewa na maji. Watu watakuambia ndivyo mambo yanavyobadilika, nami hukubali. Lakini kuna kitu ambacho hakikupotea kwa kubadilika kwa mambo. Nyanya aliishi miaka kumi na miwili mingine bila mtu wa kucheka naye alasiri, na karibu nusu ya miaka hiyo nilikuwa naye nyumba moja, najua sababu, nimenyamaza.