Heller Tano za Babu

Hili lilinipata mimi mwenyewe, na kabla hujaniuliza: sikuwa usingizini, wala sikuwa na homa. Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha Kamembe, birika liko juu ya jiko la barazani. Nimesoma chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimeandika makala za kuwacheka watu wanaoona vitu. Sasa ni zamu yao.

Mambo yalianza na sarafu. Babu mzaa mama alikuwa mpagazi wakati wa Wajerumani, akalipwa heller tano, sarafu moja pana ya shaba: upande mmoja taji, upande wa pili tarakimu tano ndani ya shada la majani. Wabelgiji walipokuja, sarafu ile haikununua hata ndizi, ndiyo maana ikabaki mfukoni mwake. Aliisugua kwa dole gumba mpaka alipokufa. Mama akairithi, akaendelea kuisugua. Ile tano ilibaki kama kivuli, na juu yake pakawa na kishimo laini. Mama sasa haoni. Kila jioni huishika, dole likae pale kishimoni, ndipo usingizi umjie.

Mimi nikataka cheti. Si fedha, niamini. Mtu wa fedha haandiki insha. Nilitaka karatasi inayosema kwamba kitu cha kwetu kina daraja. Nikaipiga picha, nikamtumia Solange, mama mmoja wa Kigali anayekusanya sarafu za zamani na kuzipanga kwa madaraja. Akajibu: "Imechakaa sana, daraja la chini, lakini tano bado inasomeka. Nikija huko kwenu Rusizi wiki ijayo nitaiona."

Mgeni anakuja. Wewe ungefanya nini? Kwetu mgeni akitarajiwa, hata mawe ya njiani yanafagiwa. Nikachukua ndimu, chumvi na majivu, nikaisugua sarafu kama sufuria ya harusi. Ikang'aa, nikajisifu. Siku tatu baadaye ikatoka vidoa vya kijani vyenye ungaunga, na uso wake wote ukawa unakwaruza kama sakafu ya saruji.

Jioni ile Mama aliishika, akaiweka kando.

"Hii haiko ya Papa," akasema, yaani baba yake.

"Mama, ni ileile."

"Uliuzisha ya Papa, ukaniletea ingine. Na masomo yako yote."

Kwa siku mbili hakusema nami. Alilala na kiganja kitupu, amekikunja kana kwamba kina kitu. Hapo ndipo vyeti vyote vya dunia viliponitoka moyoni. Nikasoma kwenye simu kwamba shaba ikiingiwa na chumvi huoza polepole mpaka iwe unga. Nilikuwa nimeiua, na mwenyewe alikuwa chumba cha pili, akikohoa.

Siku iliyofuata nimekaa barazani, sarafu kwenye kisahani mbele yangu, mzee mmoja akaingia kujikinga na mvua. Hilo ni la kawaida. Koti lake lilikuwa kavu, na hilo si la kawaida, lakini nililifikiria baadaye. Mimi ni hodari wa kufikiria baadaye.

"Karibu, Mzee."

Akaketi, akaitazama sarafu. "Ni nani aliitesa hivi?"

"Ni mimi."

"Na nini?"

"Ndimu na chumvi."

"Munyu juu ya shaba," akasema polepole. "Ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka chuo kikuu."

"Pole."

Akanituma nitoe mabakuli manne uwanjani, mbali na bati, yakinge maji yanayotoka mbinguni moja kwa moja. Ya bomba, alisema, yamewekwa dawa, yangeizidishia ugonjwa. Nikalowa chapachapa. Akaizamisha sarafu katika bakuli la kwanza, akachonga kijiti cha mwanzi, akaanza kuutoa ule unga wa kijani, punje kwa punje, bila kuigusa shaba iliyo hai. Kisha bakuli la pili, la tatu, la nne. Nimewahi kukaa na mafundi wa saa na wa dhahabu. Sijaona mkono uliotulia namna ile. Nilisahau aibu yangu, nikabaki kutazama tu, kama mtu anayesikiliza kisomo kizuri. Akaikausha karibu na jiko, si juu yake, akaipaka nta ya nyuki kutoka mfukoni.

"Sasa tunaipima."

Akafumba macho, akaweka dole gumba la kushoto juu ya tano. Likaingia kishimoni pasipo kutafuta. Ukucha wa dole lile ulikuwa umepasuka katikati. Akasugua, akasugua, taratibu, mpaka mvua ikapungua.

"Yule mama wa Kigali anapima yenye ilibakia," akasema. "Mimi ninapima yenye ilienda."

Sikuwa nimemtajia Solange.

"Ni daraja gani basi, Mzee?"

"Ya juu. Bantu babili balimalizia miaka yabo juu yake."

Watu wawili, Babu na Mama, nikahesabu kimoyomoyo, nikaingia ndani kumtafutia kikombe cha chai. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu, sarafu kwenye kisahani. Kwenye matope ya uwanja palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, anayekwenda kwenye mabakuli na kurudi. Zilikuwa zangu.

Nilimwekea Mama sarafu kiganjani bila kumtajia mzee yule. Dole likatafuta, likapata, likatulia.

"Iko na moto," akasema. Kisha akapapasa ukingo wa kishimo. "Na hapa pamekwaruzwa. Kamba ya mizigo ilipasulaka Papa ukucha. Akinishika shavu, alikuwa ananikwaruza hivi hivi."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Haukumupa hata chai?"

"Nani, Mama?"

"Muntu anakuja kwako na mvua, unamwacha aende na midomo mikavu."

Wiki iliyofuata Solange alifika. Akaiweka sarafu karibu na picha niliyomtumia, akatazama kwa lenzi, akatazama tena. "Hii si ile," akasema. "Hapa tano imefutika kabisa. Uchakavu kama huu unataka miaka arobaini mfukoni." Hakuipa daraja. Mama, aliyekuwa karibu na dirisha, alicheka mpaka akakohoa.

Ukijani haujarudi. Mama amerudi kusema nami, hata zaidi ya nilivyotamani. Ila mvua ikinyesha alasiri, sarafu hupata joto, hata ikiwa ndani ya bahasha sandukuni, na kile kishimo kinazidi kushuka kidogo kidogo. Siku moja patakuwa na tundu, nami sitamwita fundi.

Kwa hiyo usisugue kitu cha zamani kwa sababu mgeni anakuja. Huenda uchafu unaouona ni mtu. Na akikuingilia barazani mzee mwenye koti kavu katikati ya mvua, usianze kumwuliza madaraja. Anza na chai. Ile niliyotaka kummiminia yule wangu niliinywa mwenyewe, imepoa.