Mtu wa Mwisho Kuoga

Jumamosi, kwenye duka la mabomba katikati ya jiji, mama mmoja alishika hita ndogo ya maji isiyo na tangi, akiigeuzageuza.

"Tangi yetu imetoboka," alimwambia muuzaji. "Sasa na hii, maji moto inaisha baada ya watu wangapi?"

"Haiishi, mama. Inapashwa ikipita tu."

"Hata mtu wa mwisho anapata?"

"Hata wa mwisho."

Aliikumbatia, akacheka. "Basi nifungie. Wa mwisho ni mimi, miaka yote."

Mimi nilikuwa nimefuata koki tu. Nilirudi nyumbani Waithaka nikiwaza kwamba kwetu wa mwisho ni mke wangu. Jumapili nilimwambia atangulie, nikaoga wa mwisho mimi.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kufika kwenye lile duka.