Ubeti Uliomezwa na Kiitikio

Kazi ile niliipata kwa sababu ya kusoma kwa sauti. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiishi Hyattsville, jimbo la Maryland huko Marekani, pamoja na muuguzi mmoja wa kwetu, na riziki yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Kenya nilikuwa nimefundisha fasihi ya Kiingereza katika sekondari ya wasichana, jambo ambalo huku halikumshughulisha mtu. Niliogesha, nilipika uji wa oti, nilibadilisha mashuka. Kisha nikatumwa Riverdale Park, mji wa jirani, kwa profesa mmoja mstaafu ambaye macho yalikuwa yamefifia, na ambaye alikwisha kuwafukuza watunzaji watatu kwa kosa la kumsomea vitabu kama watu wanaosoma risiti.

Nilimsomea ukurasa mmoja. Akauliza ni nani aliyenifundisha kupumua penye kituo. Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha wengine. Nilijibu kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nimechoka kuonekana mtu wa ndoo na taulo tu. Alicheka. Toka siku hiyo akaniita Mwalimu, nami nikamwita Mzee, na nilipomweleza maana ya neno hilo alilipenda.

Maisha yake yote alifundisha fasihi ya Kiingereza ya zama za kati. Alijua ngano za mashujaa wapanda farasi na viapo vyao, na zile nyimbo za masimulizi ambazo watu wasiojua kusoma walizibeba vichwani kutoka kizazi hadi kizazi. Asubuhi nilimsomea ngano, na kusema kweli mashujaa wale walinikera. Mtu anaombwa ahadi, anaitoa kabla hajaambiwa ni ahadi gani, halafu nusu ya kitabu inakwisha akihangaika na matokeo yake. Nilimwambia Mzee kwamba katika darasa langu msichana wa kidato cha kwanza angekuwa na akili kuliko hao. Akasema kwamba kwao neno likishatoka limetoka, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima.

Asubuhi moja ya Oktoba, nikiwa nimepiga magoti namkausha miguu, alisema, "Mwalimu, niahidi jambo moja."

"Nimekuahidi, Mzee."

Sikuwaza hata kidogo. Kwetu mzee akikuomba hivyo huanzi kumhoji kama polisi. Yeye akatabasamu, akasema sikuuliza ni jambo gani, na kwamba sasa nami nimeingia kwenye kitabu. Kisha tabasamu likamtoka. "Usiwasaidie kunitoa katika nyumba hii." Niliendelea kukausha mguu uliokwisha kukauka.

Aliyetaka kumtoa alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekaa mji wa Laurel na kufanya kazi katika ofisi moja ya mikataba ya serikali. Alikuja kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane. Alikuwa na hofu. Alikwisha kupata nafasi katika makao ya wazee karibu na kwake, na alichosubiri ni ishara tu kwamba akili ya baba yake imeanza kuteleza. Macho mabovu angeyavumilia, lakini akili ikiteleza hangemwacha peke yake ndani ya nyumba yenye jiko la gesi, hatua chache kutoka barabara kuu. Na baada ya mimi kuondoka saa kumi na moja jioni, Mzee alibaki peke yake.

Silaha ya Mzee dhidi ya binti yake ilikuwa wimbo. Alifundishwa na bibi yake, huko milimani alikozaliwa, na alijivunia kwamba haukuwa katika kitabu chochote cha wasomi, hata vyake mwenyewe. Kila Jumapili aliuimba mbele ya binti, beti zaidi ya ishirini, kuonyesha kwamba kichwa bado kizima. Mimi niliitikia. Tuliimba kwa Kiingereza, lakini kiitikio kwa lugha yetu kingekuwa hivi: shayiri mbichi, mvua yaja.

Kisa chenyewe ni cha shujaa anayeondoka kwa kiapo na kurudi baada ya miaka saba, ndevu zimemfunika uso. Anabisha mlango. Mkewe hafungui, anamuuliza maswali matatu. Pete nilikuvisha mkono gani? Anajibu. Chini ya dirisha langu paliota nini? Anajibu. Swali la tatu ni hili: siku ulipoondoka nilikunong'oneza neno gani? Jibu la hapo ndilo linalofungua mlango. Binti aliniambia jikoni kwamba utotoni baba yake alimwimbia kitandani kila siku, naye kila siku alisinzia kabla ya jibu la tatu. Alikuwa na zaidi ya miaka arobaini na hakulijua bado.

Mimi nami sikulijua. Siku za kwanza Mzee alifika kwenye swali la tatu akaliruka jibu, hata mbele ya binti, akasema tutalipata siku yake. Nilidhani anatuchezea, kama walimu tunavyofanya. Halafu nikaanza kugundua. Swali la pili nalo likaanza kuyumba. Akifika pale mkono wake ulisugua goti, macho yakatafuta dari.

Sasa nieleze nilichofanya, na kwa nini kwangu hakikuwa uongo. Mama yangu alikuwa mwimbishaji. Misibani na harusini alitoa ubeti, wanawake wakaitikia, nami nilikulia katikati ya waitikiaji hao. Ubeti ukimpotea mwimbishaji, hakuna anayemtazama. Waitikiaji wanarudia kiitikio, mara mbili, mara tatu, wanakitia vigelegele, wanakizungusha mpaka mwenyewe auokote ubeti wake au aruke kwenye ule unaofuata. Mgeni atadhani wimbo ndivyo ulivyo. Kumwacha mwimbishaji akihangaika katika ukimya ni ukatili, na msichana aliyethubutu kufanya hivyo angesemwa mwaka mzima.

Basi Mzee alipopotea, nilizungusha kiitikio. Shayiri mbichi, mvua yaja. Shayiri mbichi, mvua yaja. Naye aliokota, au aliruka, tukamaliza, na binti akapiga makofi. Siku moja baada ya binti kuondoka, Mzee aliniambia kwamba aliwahi kuandika sura nzima kuhusu kazi ya kiitikio, na kwamba aliandika bila kujua lolote. Alijua ninachofanya, na mimi nilijua kwamba anajua, na tuliendelea hivyo hivyo. Nilijisikia mwaminifu kuliko watu wote wa Maryland.

Mwenzangu wa nyumba, yule muuguzi, hakudanganyika. Jumamosi moja, tukikunja nguo, nilimsimulia nikitaka anisifu.

"Wewe, hiyo ni kitu ya ku-report," alisema. "Umeona mtu anasahau, una-document, unaambia familia. Ni hivyo tu."

"Nilimwahidi."

"Na akiacha jiko on? Hiyo promise ndiyo itazima moto?" Aliweka shuka chini akanitazama. "Dada, huku si kwa mamako. Hiyo kitu ikilipuka, ni wewe wanashika. Na hata wakiacha kukushika, utaishi nayo aje?"

Nilikasirika. Nilimwambia kazi ya hospitali imemfanya aone watu kama makaratasi. Hatukusemezana siku mbili.

Jumapili iliyotangulia Krismasi binti alikuja na kinasa sauti. Aliweka kaseti mpya, akasema, "Baba, nataka jibu la tatu. Nataka kubaki nalo." Hakuwa anampima siku ile. Alikuwa anaomba. Niliona hivyo, na bado nilijipanga kama askari. Mzee akaanza kwa sauti nzuri. Kiapo, safari, miaka saba, ndevu, mlango. Swali la kwanza akalijibu, la pili akalijibu, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Akauliza la tatu. Mkono ukaenda kwenye goti.

Niliingia mara moja. Niliitikia kwa nguvu zote nilizorithi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nikipiga na makofi. Mzee aliruka mpaka ubeti wa mwisho, mlango uko wazi na watu wamekaa kula. Binti alizima kinasa sauti. Alisema asante, lakini uso wake haukushukuru. Alipokuwa anavaa koti mlangoni aliniuliza kama kuna chochote kuhusu baba yake anachopaswa kujua. Nikamwambia baba yuko vizuri. Hilo halikuwa kiitikio. Huo ulikuwa uongo mtupu, na nilimtazama machoni nikiusema.

Wiki ya pili ya Januari, saa moja baada ya mimi kuondoka, Mzee alitoka nyumbani na ndara miguuni. Dereva wa basi alimkuta kando ya barabara kuu, ameanguka juu ya barafu, nyonga imevunjika. Alimwambia dereva kwamba anatafuta mlango. Hospitalini alikaa wiki tatu, na maneno yakamwisha moja baada ya jingine. Wakamhamishia kwenye yale makao aliyoyaogopa. Nilikwenda kumwona. Nilimwimbia kiitikio kwa sauti ya chini, akanitazama kwa adabu, kama mtu anayesubiri mgeni aondoke.

Mwezi Machi binti yake aliniita kwake. Nilikaa kwenye kochi na koti langu, kwa kuwa hakuniambia nilivue. Kinasa sauti kilikuwa mezani. Akabonyeza, tukasikiliza wimbo mpaka swali la tatu, na baada ya swali nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akasimamisha.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

Nilitaka kumweleza habari za mama yangu na wanawake wa msibani. Niliona haya kuyataja. Nilidhani sasa atanifukuza, na ningefurahi anifukuze. Badala yake alirudisha kaseti nyuma, akaongeza sauti, akainamisha sikio mpaka karibu liguse mashine.

"Sikiliza," alisema. "Chini ya sauti yako. Mara ya tatu. Kuna kitu anasema."

Nikasogea. Ilikuwa kweli. Chini ya makofi yangu, sauti ya Mzee ilikuwa inapanda na kushuka, ikifuata mizani ya ubeti, polepole, bila kusita. Alikuwa ameliokota jibu. Alikuwa analiimba. Mimi sikumsikia, maana sikuwa namsikiliza, nilikuwa namlinda.

Binti alirudisha tena, na tena. Alipunguza sauti, akaongeza, akaleta vipokea sauti vya masikioni, akanipa kimoja yeye akabaki na kingine. Vichwa vyetu viligusana. Hatukupata hata neno moja. Kila mara niliyesikika ni mimi, sauti safi, yenye nguvu, ikiimba shayiri mbichi, mvua yaja.