Msiba Aliojiandikia

Nikimwona yule bwana mjini Mtwara, simkwepi. Navuka barabara makusudi nimfuate upande wake, nimsalimie kwa sauti ya juu, nimuulize watoto hawajambo, kazi zinaendaje. Anaitikia huku anajitia kutazama simu. Shoga zangu wananiambia, wewe mtu mzima sasa, yaache, yameshapita. Yamepita kwa nani? Kwangu hayajapita hata nukta.

Nilikuwa karani kwa wakala wa forodha pale bandarini. Msimu wa korosho ukiisha, malori yanapungua, na sisi makarani tunaambiwa tukae nyumbani mpaka tuitwe. Nilikuwa nimekaa hivyo wiki kadhaa niliposikia kuna mradi unatafuta mtu anayejua Kimakonde cha ng'ambo na anayeweza kuandika Kiswahili safi kwenye kompyuta. Ulikuwa mradi wa kukusanya kumbukumbu za familia zilizovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya kumng'oa Mreno. Uligharimiwa na mfuko wa umma wa nchi moja ya Ulaya, mfuko unaosaidia kazi za historia, lugha na utamaduni, na safari hiyo walitaka habari za uhamiaji na utambulisho. Neno utambulisho tulilisikia asubuhi, mchana na jioni. Kazi yangu ilikuwa kwenda na kinasa sauti kwa wazee, kurudi, kusikiliza na kuandika.

Mratibu wa mradi ndiye huyo bwana. Baba yake ni mtu wa huku huku Mtwara, lakini yeye alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, na kwenye ukoo wao hakuna aliyewahi kuvuka mto kukimbia kitu chochote. Hilo alinieleza mwenyewe siku ya kwanza, tena kwa kujivunia. Alikuwa na maneno laini, kumsikiliza mtu anajua. Nilimpenda, nisiseme uongo. Nilimwita kaka.

Wazee walitukatalia. Huku kwetu mtu akitaka kukuudhi anakwambia rudi kwenu ng'ambo, sasa nani akubali kuyasema hayo kwenye mashine? Kaka mratibu akaniambia, "Dada, anza na mama yako. Wengine wakiona mama amekubali, watakuja."

Mama yangu anaishi Ziwani, ana mikorosho yake na shamba la muhogo. Alivuka akiwa mtoto mdogo. Nilijua hivyo tu. Nilipomwomba mara ya kwanza alisema ana kazi. Mara ya pili akasema kichwa kinamuuma. Mara ya tatu nilikaa naye jikoni mpaka akachoka na mimi.

"Nitasema," akaniambia. "Lakini isemwe mbele za watu, na isemwe kwamba ni dada yangu mimi. Maana hakuliliwa."

Nikamwahidi. Nikawasha mashine.

Akasema walivuka kiangazi, maji yakiwa yamepungua, wanatembea kwenye mafungu ya mchanga na kuingia majini pale penye mikondo. Baba na mama yake walibeba mizigo. Yeye alibebwa mgongoni na dada yake, msichana ambaye alikuwa hajavunja ungo. Kwenye mkondo wa mwisho maji yaliwafika kifuani. Dada akamfungua kwenye kanga, akamsukuma mikononi mwa mwanamume mmoja aliyekuwa mbele yao, na alipogeuka kutafuta pa kukanyaga hapakuwa na chini. Hawakumwona tena. Walipofika upande huu walipokelewa na watu wema, wakapewa chumba. Mama yake alipoanza kulia, baba akamnyamazisha. Akasema hatuwezi kulia kwenye nyumba ya watu. Hakuna mkeka uliotandikwa, hakuna dua iliyosomwa, na asubuhi yake wakaenda kumsaidia mwenyeji wao kupalilia.

Mama aliyasema yote hayo bila chozi, anachambua mchicha. Mimi ndiye niliyelia. Nikazima mashine, nikarudi mjini, nikaandika kila neno, hata ule mchicha.

Baada ya mama, wazee kweli walikuja. Awamu ya kwanza ikaisha vizuri, na mfuko ukatangaza kwamba kuna awamu ya pili, kubwa zaidi, ila safari hii kiongozi wa mradi lazima awe ametoka kwenye jamii inayohusika. Wafadhili walikuwa wamelalamikiwa kila mahali kwamba wanawapa watu wa mbali kuwasemea wenyeji. Niliona ni jambo jema. Nikamwonea huruma kaka yangu, nikajua hapo kakwama.

Thubutu! Wiki mbili baadaye alinitumia maombi yake kwa barua pepe, nimnyooshee Kiswahili cha muhtasari. Nikawa nasoma huku nakunywa chai. Ukurasa wa pili ameandika: bibi yangu mzaa baba alivuka Ruvuma akiwa mtoto, amebebwa mgongoni na dada yake. Nikaweka kikombe chini. Mkondo wa mwisho ulikuwemo. Kanga ilikuwemo. Hata mchicha kautia, mwizi yule, kasema bibi yake alimsimulia akichambua mchicha.

Nilimpigia hapo hapo. Nilidhani atakana, au atasema amekosea, maana mtu hukosea. Alicheka. Akasema, "Dada, hiyo ni mbinu tu. Wanataka mtu mwenye uchungu wake. Tukipata, sote tumepata, na wewe ajira yako iko pale pale. Halafu mama hatajwi jina, nani atajua?"

Nikasema sawa kaka, nimekuelewa. Nikamnyooshea Kiswahili chake, nikarudisha. Sijawahi kuandika vizuri vile maishani mwangu. Nilikuwa nimeshakula yamini kwamba huyu mtu nitamuumbua, tena mchana kweupe, mbele ya hao hao anaotaka wamwone.

Jumamosi nikaenda Ziwani kumweleza mama. Alikuwa anamenya muhogo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo amemchukua dada yangu," akasema.

"Amemchukua, mama."

Akamenya kipande kingine. "Kama ni wake, basi aje alie."

Mimi nilisikia hukumu. Nikamkumbatia mama kwa furaha, nikasema umenipa, mama, umenipa! Naye akanishangaa kidogo, akaendelea na muhogo wake.

Mfuko ulikuwa na sharti kwamba kabla ya kuamua, wafanye tukio la wazi kijijini, maonyesho na hotuba, na mwakilishi wao awepo aone jamii inavyoupokea mradi. Nilipendekeza Ziwani, uwanja wa shule ya msingi. Kaka mratibu, ambaye hakuwahi kuniuliza mama anaishi wapi, akasema wazo zuri. Nikapendekeza mimi niwe mshereheshaji, kwa kuwa nazijua lugha zote mbili. Akasema dada, wewe ni mtu muhimu sana. Nikazunguka nyumba kwa nyumba jioni zote za wiki ile. Nilizungumza na wanawake. Nilizungumza na mwalimu wa madrasa, nikamwambia kuna mtu wetu amekufa zamani hakusomewa, na siku hiyo tunataka asomewe. Akakubali bila maswali. Mwisho nikaenda kwa jirani yetu, bibi mmoja wa Kiyao, ambaye ni mtani wetu. Hakuna msiba uliowahi kupita pale mtaani asiuvuruge kwa vituko vyake, na mila hairuhusu mfiwa kumkasirikia mtani. Huyo nilimweleza kila kitu. Alipiga makofi.

Siku ikafika. Maturubai, viti, picha kubwa kubwa zimetundikwa. Mwakilishi wa mfuko alikuwa mama mmoja mgeni, mpole, Kiswahili chake kizuri tu. Yule bwana akasimama na kipaza sauti, amevaa kitenge kipya na viatu vya ngozi vinavyong'aa, akasimulia. Alisimulia vizuri, Mungu anisamehe. Alipofika kwenye mkondo wa mwisho sauti ilimkatika, akanyamaza, akajipangusa jicho. Yule mgeni naye akajipangusa.

Nikachukua kipaza sauti. "Jamani, mmesikia. Mwenzetu amefiwa, na marehemu wake hakuwahi kuwekewa matanga. Sisi watu wa Ziwani tutamwacha hivi hivi?"

Wanawake wakasema haiwezekani! Wakaingia na mkeka, kanga vichwani, mama yangu mbele yao, wakautandika mbele ya meza kuu. Yule bwana akanitazama. Nikamwambia kwa upole, kwenye spika, "Kaka, karibu mkekani. Mfiwa hasimami."

Angesema nini? Akisema sikai, si mwenzetu. Akisema si msiba wake, kwisha. Akacheka cheka, akamtazama mgeni, na mgeni alikuwa ameshika moyo kwa furaha, anapiga picha. Akakaa. Yule bibi wa Kiyao akamrukia miguuni.

"Lete viatu! Mfiwa gani wa Kimakonde anavaa moka? Au umefiwa na bosi?" Akamvua, akaviweka kichwani mwake kimoja kimoja, akazunguka navyo uwanja mzima akiigiza mwendo wa yule bwana na kujipangusa macho. Watu waliangua kicheko. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa na tundu. Hilo sikulipanga, ni zawadi kutoka kwa Mungu.

Kisha watu wakaja kumpa pole, mmoja mmoja, kwa foleni. Pole bwana. Pole sana. Mungu ampumzishe. Kila mkono alioupokea nilijua unampandisha joto. Mama yangu alikuwa amekaa naye mkeka mmoja, mikono mapajani. Nilitamani amtazame, aone jinsi jasho jembamba linavyomtoka, lakini alitazama chini tu.

Mwalimu wa madrasa akaja, akakaa mbele yao, akafungua kitabu. Nilikuwa nimeingojea dakika hiyo wiki nzima. Mwalimu akamgeukia yule bwana.

"Nitajie marehemu. Fulani binti fulani."

"Ni... ni dada wa bibi yangu, mwalimu."

"Nimesikia. Jina lake?"

Nikamsogezea kipaza sauti mdomoni, taratibu, nikahakikisha spika inashika hata pumzi zake.

"Bibi hakupenda... hakuwa anamtaja."

"Jina la bibi mwenyewe basi," nikasema. "Au la baba yao. Kaka, hata la kijiji walichotoka?"

La bibi yake alilijua, ila angelitaja wazee wangemtambua bibi huyo kuwa ni mzaliwa wa huku huku; akatazama soksi zake. Watu wakaanza kunong'onezana, kisha kuguna. Mzee mmoja akasema kwa sauti, huyu kafiwa na nani? Yule mgeni akashusha simu yake, akamtazama yule bwana, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa. Awamu ya pili aliikosa. Aliikosa pale pale, barua ilikuja kuthibitisha tu. Sijawahi kula pilau yenye utamu kama nilioupata wakati ule.

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na kiu ya kummaliza kabisa. Nikasema, "Mwalimu, huyu hajui kwa sababu si wake. Mwenye dada yake yupo hapa. Mama yangu ndiye aliyebebwa." Nikapiga magoti, nikampelekea mama kipaza sauti. "Mama, mtajie mwalimu jina. Wasikie wote."

Mama akakitazama kile kipaza sauti. Akanitazama mimi.

"Mimi nilikuwa namwita dada," akasema.

Nikadhani hajanielewa. Nikarudia kwa Kimakonde.

"Nimekusikia," akasema. "Silijui jina lake. Nilikuwa mdogo. Tulipovuka, baba alikataza asitajwe, na mimi nikaogopa kuuliza mpaka wakafa wote wawili. Aliyekuwa amebaki analijua ni shangazi yangu wa Nanyamba, ambaye tumemzika masika haya."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Ziwani nzima ilisikia.

"Siku ile ya mashine nilidhani utaniuliza, mwanangu. Nikasema moyoni, akiniuliza nitamwambia silijui, atakwenda Nanyamba kwa shangazi, yeye ni msomi, hataogopa. Hukuuliza. Uliandika ukaondoka."

Kurasa zote zile nilizoandika, na kila mahali nimeandika dada, dada, dada. Muda wote ule nilimchukia mtu kwa kumwiba msichana ambaye mimi mwenyewe sikuwahi hata kumuuliza anaitwaje.

Mwalimu alifunga macho kidogo. Akasema, "Mungu anamjua. Tutamwombea kama anavyomwita mdogo wake." Akaanza kusoma. Na mama yangu, ambaye sijawahi kumwona analia, akajifunika kanga usoni akalia kwa sauti, dada, dada yangu, na wanawake wote wakampokea. Aliyumba akilia. Yule mwizi, na soksi yake yenye tundu, akanyoosha mkono akamshika bega asianguke, na mama akaliegemea bega lake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kipaza sauti, na pale mkekani hapakuwa na nafasi tena.

Sijamsamehe. Alikuwa karibu na mama yangu kuliko mimi siku ile, na mimi ndiye niliyemkalisha.