Ndani ya Homa ya Kakangu

Mlangoni pa duka la wifi yangu kuna kibao: KUNA WIFI. Kakangu ndiye aliyekiandika kabla hajafa, kwa utani wake. Mtu akiingia na kuuliza, "Wifi ipo?" mimi humwonyesha mjane wa kakangu nyuma ya meza na kumjibu, "Ndiye yule, ila leo amenuna."

Duka lenyewe ni chumba kirefu chenye kompyuta zilizopangana ukutani, viti vilivyochanika hadi sponji, na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Watu wazima na akili zao huja hapa kupigana risasi kwenye skrini. Kinyozi wa jirani huweza kumwacha mteja na nusu ya nywele ili aje amalize raundi. Na ukiwapa ramani zote za kuchezea, watachagua moja tu, ile aliyoitengeneza kakangu akiwa mgonjwa. Wanaiita Homa.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Anga la rangi ya chungwa, ngazi zinazopumua, kuta za zambarau na kijani zinazoyeyuka na kujirudia, maua makubwa kama milango yanayofumba na kufumbuka. Ukiitazama sana unapata kizunguzungu. Wachezaji hucheka, husema marehemu alikuwa na vituko. Mimi sicheki. Siku zile za ugonjwa, tukimuuliza anajisikiaje, alikuwa akijibu, "Naona rangi tu," kisha anaomba kompyuta iletwe kitandani. Alichokuwa akikiona ndicho hiki. Watu wanafukuzana ndani ya homa ya ndugu yangu, na mimi nawauzia soda.

Tena yumo mwenyewe. Alijitengenezea mtu wa mashine, anayeendeshwa na kompyuta yenyewe, shati la mistari, bega moja limeshuka kama alivyokuwa akitembea, anazunguka humo peke yake. Wakimuua, anafufuka. Mara ya kwanza kumwona nilitoka nje nikatapika.

Wifi hakutapika. Alianza kumfuata. Watu wakipungua dukani, hukaa kwenye kompyuta ya pembeni akimwandama mumewe chumba kwa chumba, bila kufyatua hata risasi moja. Nilidhani ni mapenzi tu, kumbe alikuwa na swali. Humo kwenye kuta kakangu alichora kila mtu: mimi na mdomo wangu mkubwa (sikufurahi), daktari, kinyozi, hata paka wa jirani. Wifi, aliyemuuguza mwanzo hadi mwisho, hakuonekana popote.

"Nilikuwa wapi, wifi?" aliniuliza, macho mekundu. "Muda wote ule nimemshika mkono. Alikuwa ananiona, au alikuwa peke yake huko?"

Nikamwambia adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali nzuri, ila si ya kumwambia mjane. Aliacha kula na sisi. Alikonda hadi nikaogopa kwamba tutazika wa pili.

Kinyozi ndiye aliyetoa jibu, tena kwa kuropoka, akisubiri zamu yake.

"Shemeji, wewe unamfuata akiwa mzima, ndiyo maana hakufikishi popote. Huyo jamaa akijeruhiwa hukimbia kama mtu mwenye kwao. Hatujui ni wapi, maana tunammaliza njiani."

Wifi alimtazama, kisha akawaambia wote watoke. Waliokuwa katikati ya raundi walilalamika. Nikawatoa mimi, mdomo wangu una kazi zake. Tukafunga mlango mchana kweupe.

Alimfuata mumewe hadi chini ya ngazi. Kakangu akasimama, akamgeukia, bega limeshuka. Wifi akanisogezea kipanya.

"Nipigie wewe," alinisihi.

"Mimi? Huyo ni damu yangu!"

"Na mimi ni nani?"

Nikamrudishia kipanya. Akafumba macho, akabonyeza.

Kakangu alipepesuka, akageuka, akakimbia akichechemea. Tulimfuata kupita kuta zinazoyeyuka. Ua moja likafumbuka, akaingia, nasi nyuma yake. Humo ndani rangi zote zikakoma. Kilikuwa chumba chao: ukuta mweupe wenye ufa, kitanda, beseni na kitambaa kimeanikwa ukingoni. Kwenye kiti, Wifi amelala, mdomo wazi, kichwa kimeangukia begani.

"Ni mimi," alisema. "Na niliwaapia sikufumba jicho."

Akalia kwa sauti, nami nikamkumbatia, nikalia pia. Kwenye skrini kakangu alikuwa ameketi sakafuni kando ya kiti, akimtazama mkewe, mstari wake wa uhai ukijaa polepole. Hakumwamsha. Ulipojaa, aliinuka, akatoka, akarudi kwenye zile rangi.

Siku hizi Wifi anakula, hata utani wangu anaucheka. Lakini kila asubuhi, kabla hatujafungua duka, huketi kwenye kompyuta ya pembeni, humtafuta mumewe, na kumpiga risasi moja ya mguu, ili arudi nyumbani.