Mwalimu Revocatus na Majarida ya Bure

Revocatus Chenge alikuwa mkutubi wa chuo kidogo cha maendeleo ya jamii huko Buswelu. Alikuwa mgane wa miaka mingi, mtu mpole aliyezoea kula peke yake huku kitabu kimefunguliwa kando ya sahani. Majarida ya sayansi ya jamii katika maktaba yake yaliacha kufika tangu fedha za kigeni zilipoadimika. Wanafunzi waliandika juu ya familia za wavuvi wa leo kwa makala zilizotoka wakati wao wangali wanabebwa mgongoni.

Mwaka 1998 mkuu wa chuo, Bwana Luhaga, alisikia kwamba yapo majarida yanayowekwa kwenye intaneti yasomwe bila malipo. Akamtuma Revocatus achunguze ni mangapi, na kama yanaongezeka.

Intaneti ilikuwa mjini Nyamagana, katika chumba cha mjane mmoja aitwaye Selina. Zamani alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma. Shirika lilipobinafsishwa akapunguzwa kazini, na kiinua mgongo chake akakinunulia kompyuta mbili. Wateja walimwita Mama Shimba, kwa jina la mwanawe aliyefanya kazi bandarini.

Revocatus alikuja kila Jumamosi. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akingoja ukurasa ushuke mstari baada ya mstari, na mara nyingi mgao wa umeme ulimkatia njiani. Mwanzoni Selina alimwacha ahangaike. Baadaye akavuta stuli, akaanza kumchapia.

Walibishana juu ya majarida yaliyoonyesha muhtasari tu. Revocatus alitaka kuyahesabu. Selina alikataa, alisema yeye akimnusisha mgeni mchuzi kisha akamwaga, hawezi kusema amemlisha. Revocatus alicheka mpaka akavua miwani, na majarida yale akayaacha nje ya hesabu.

Kisha jarida moja alilolipenda, lililokuwa wazi tangu walipoanza, likafungwa na kudai malipo. Aliuita ukurasa tena na tena kwenye kioo cha kompyuta. Selina hakumharakisha. Alimmiminia chai, wakanywa, na Revocatus akajikuta anamsimulia habari za marehemu mkewe, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu kwa miaka.

Mwaka ulipokwisha, jibu lilikuwa kwamba majarida ya bure yameongezeka, ingawa kidogo. Selina aliipiga chapa ripoti. Siku ya kuichukua, Revocatus alishukuru, akasema kazi imeisha, lakini hakuondoka mlangoni.

"Mwalimu, umepima mwaka mmoja tu," Selina alisema. "Mwakani nani atajua kama yamezidi kukua?"

"Na nikirudi kabla ya mwakani, Mama Shimba?"

Selina aliinamia kompyuta kidogo, kisha akainua macho. "Naitwa Selina."

Jumamosi iliyofuata alirudi bila kazi yoyote mkononi. Walifunga ndoa mwaka 1999 katika kanisa la Pasiansi, na Shimba ndiye aliyemshika mama yake mkono hadi mbele ya padri. Ripoti ilimshawishi Bwana Luhaga, chuo kikapata kompyuta yake ya kwanza. Revocatus na Selina waliendelea kuhesabu, na kila walipokuta jarida jipya lililo wazi, Revocatus alimsomea makala ya kwanza kwa sauti, akitafsiri Kiingereza chake polepole, naye Selina akisikiliza huku ameegemea bega lake.